Mbwa wako amezalia chini ya jiwe: wiki nane za kumlinda na watoto wake

Mbwa jike wa huku kwetu mlimani akikaribia kuzaa hatafuti kibanda ulichomjengea. Anatafuta jiwe. Ukikaa mitaa ya Mwanza kama Bugarika, Igogo, Mabatini au Isamilo utakuwa umeliona hilo. Siku zikikaribia anaanza kuzunguka mawe makubwa, anaingiza pua kila upenyo, anachimba kwa miguu ya mbele mpaka vumbi linaruka, anatoka, anajaribu upenyo mwingine. Kisha usiku mmoja haonekani kwenye sufuria yake, na asubuhi unasikia vilio vyembamba vinatoka chini ya jiwe.

Ndipo majirani wanaponigongea. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, na nyumbani nimefuga mbwa tangu nilipoolewa. Swali linakuwa lile lile: "Mama, nimtoe kule nimlete kwenye boksi?" Jibu langu ni kwamba usikimbilie kumtoa. Kinachofanyika mle ndani kati ya mama na watoto wake, kwa wiki nane, ndicho kitakachoamua kama utapata mbwa mwenye akili timamu au mbwa wa kukusumbua maisha yake yote. Kazi yako ni kulinda shughuli hiyo isiharibiwe na mvua, wadudu, njaa na watu. Kazi ya kulea ni ya mama yao, na anaijua.

Mbwa hajaanza leo kuzalia shimoni. Ndugu zake wa porini, mbwa mwitu wa kule Serengeti, watoto wao hukaa shimoni na kandokando yake kwa karibu miezi mitatu, na kundi huwinda na kurudi kuwatapikia nyama. Mtoto wa mbwa anazaliwa hajakamilika. Macho yamefumba, masikio yamefumba, na katika wiki yake ya kwanza hana hata uwezo wa kutetemeka ili apate joto. Giza, kubanana na mwili wa mama ndiyo nyumba yake.

Kabla hajazaa

Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Kama unajua siku aliyopandwa, hesabu, na wiki mbili kabla ya siku yenyewe nenda ukaangalie anapochimba. Mulika ndani kwa tochi. Unatafuta mambo matatu. La kwanza ni njia ya maji. Hapa Mwanza mvua kubwa mara nyingi inatoka ziwani usiku wa manane au alfajiri, na maji yanashuka mlimani kwa kupita humohumo kati ya mawe. Ukiona mchanga umelala kwa mistari kama uliochambuliwa na maji, hapo patafurika. La pili ni siafu na nyoka. Fyeka majani mita kadhaa kuzunguka, ondoa mabaki ya vyakula, ziba matundu madogo ya nyuma kwa mawe na udongo ili kubaki mlango mmoja, kwa sababu kenge naye anapenda upenyo wa aina hiyo. La tatu ni watu. Kama njia ya wanafunzi inapita hatua mbili kutoka hapo, mama hatatulia.

Pakiwa pabaya, mpatie pengine mapema, kabla hajazaa. Ninachofanya mimi ni kuegemeza mabati mawili kwenye jiwe jingine lililo juu zaidi, nainua sakafu kwa udongo mkavu niliousindilia, halafu natandika magunia safi. Mifuko ya salfeti haifai, inateleza na haishiki joto. Mlango uwe mdogo, wa kumtosha yeye kupita akiwa ameinama, na uelekee upande usiopigwa na upepo wa ziwa. Mlishe hapo kila siku. Wengi wanakubali wakiona pana giza na pamebana. Asipokubali, boresha alipopachagua mwenyewe: chimba mfereji wa kuchepusha maji juu ya jiwe, funika mlango nusu kwa turubai.

Saa 24 hivi kabla ya uchungu joto la mwili wake linashuka chini ya nyuzi 37. Mwenye kipimajoto apime; asiye nacho ataona anakataa chakula, anahema, anakwaruza chini bila kutulia. Muache. Mtu mmoja tu aliyemzoea akae mbali kidogo, wengine waende ndani. Mpigie daktari wa mifugo bila kusubiri kama anasukuma kwa nguvu nusu saa nzima na hakuna kinachotoka, kama amepumzika zaidi ya saa mbili na unahisi bado kuna mtoto tumboni, au kama uchafu wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza. Namba ya daktari iwe tayari kwenye simu, na simu iwe na chaji.

Siku za mwanzo

Kama unaweza kupachungulia bila kumkera, lala kifudifudi uangalie mtoto mmoja anavyotafuta ziwa la mama. Haoni, hasikii. Ana pua, ana ngozi inayohisi joto, ana miguu ya mbele yenye nguvu kidogo kuliko ya nyuma. Anajikokota kwa tumbo huku kichwa kikiyumba kushoto na kulia. Akigusa jiwe la baridi anageuka. Akigusa manyoya ya mama anapunguza mwendo, anapandisha pua, anashuka nayo taratibu mpaka kwenye ngozi tupu, na chuchu ikimgusa mdomo analia mara moja tu kisha kimya. Halafu anaanza kulisukuma ziwa kwa nyayo za mbele, moja baada ya nyingine, na mkia unanyooka. Ukiuona mkia umenyooka hivyo, ujue maziwa yanashuka.

Maziwa hayo ya kwanza, dang'a, ndiyo yenye kinga ambayo mama anawarithisha, na utumbo wa mtoto unaweza kuipokea katika siku ya kwanza tu. Baada ya saa 24 mlango umefungwa. Kwa hiyo siku hiyo usimtoe mtoto yeyote kwenda kumwonyesha mtu. Mwenye nguvu ndogo anayesukumwa na wenzake mshike umweke kwenye ziwa la nyuma, ambalo huwa na maziwa mengi, ukae naye mpaka ashike.

Kulamba nako watu wanakuona ni usafi tu. Mama anamgeuza mtoto chali kwa pua, anamlamba tumbo na chini ya mkia, na hapo ndipo mtoto anapokojoa na kujisaidia. Bila kulambwa hawezi, mpaka karibu wiki ya tatu. Mama anakula uchafu wote, ndiyo maana shimo linakaa bila harufu. Usimfukuze wala kumzuia. Katika kulamba na kunyonyesha mwili wake unatoa homoni ya oksitosini, inayobana mfuko wa uzazi, inayoteremsha maziwa na kumfanya ashikamane na wanawe. Mbwa mwenye hofu haiachii vizuri. Ukijaza watoto wa mtaa mlangoni wanapiga kelele na kurusha mawe, maziwa yanagoma, na usiku huohuo anaweza kuwabeba mmoja mmoja kwa mdomo kuwahamishia usikokujua.

Kinachoua zaidi katika siku hizi ni baridi. Mtoto akitoka kwenye rundo akabaki pembeni, joto lake linashuka, na akishakuwa wa baridi mama anamsukuma kando kana kwamba amekwisha kufa. Huyo usimpe maziwa. Utumbo wa mtoto aliyepoa umesimama, maziwa yataganda tumboni. Mpashe kwanza, polepole: mweke kifuani ndani ya kitenge, ngozi kwa ngozi, au pembeni ya chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, mpaka mdomo wake ndani uwe wa vuguvugu na aanze kulia na kutafuta. Hapo mrudishe kwa mama anyonye. Mle shimoni, kimo cha watoto, kunahitajika joto la nyuzi 30 hivi wiki ya kwanza. Mwili wa mama unatosha kama chini pamekauka. Magunia yakilowana, badilisha siku hiyohiyo.

Wapime kila siku ukiweza. Mizani ndogo ya jikoni inatosha, mtoto ndani ya bakuli, ukiwa umenawa mikono kisha ukaipangusa kwenye magunia yao ili upate harufu ya nyumbani. Watoto wa mbwa wetu wa kienyeji wengi wanazaliwa na gramu kati ya 250 na 400, na kufikia siku ya kumi uzito unatakiwa uwe umefika maradufu. Aliyesimama palepale siku mbili ndiye wa kumwangalia. Kuwashika hivi kwa dakika chache, na mtu ambaye mama anamwamini, kunawasaidia. Wanazoea mkono kabla hata hawajaona. Wakilala utawaona wanarukaruka na kukunja midomo usingizini. Huo ni uzima. Anayelala kimya kabisa, amelegea, ndiye mgonjwa.

Ikibidi kuwahamisha kwa sababu ya mafuriko au siafu, usiwaibe mama akiwa hayupo. Mwonyeshe. Beba wa kwanza ukiwa umeinama ili amnuse njia nzima, mweke pahali papya pamoja na gunia moja la zamani, halafu rudi naye kwa wengine. Akishaona wote wako kule, atalala.

Chakula cha mama

Mama mwenye watoto sita au saba anafikia kula mara tatu ya alivyokuwa akila, hasa wiki ya tatu na ya nne. Hapa ndipo sisi wa ziwani tuna bahati. Dagaa ana protini na madini, na ni rahisi. Chukua wale walioanikwa kwenye chanja au nyavu, maana walioanikwa chini wana mchanga unaomuumiza tumbo. Waoshe mara mbili, wachemshe bila chumvi, waponde, changanya na ugali laini na mafuta kidogo. Mpe mara tatu au nne kwa siku, na maji safi yasikauke karibu na shimo, kwa sababu mama mwenye kiu anakwenda kuyatafuta mbali na watoto wanapoa. Mapanki, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa, nayo ni mazuri yakichemshwa sana mpaka nyama inaachia na mifupa ukaitoa.

Usimpe unga au makombo yenye ukungu kwa kusema ni mbwa tu. Sumukuvu inaua ini la mbwa, na naamini mbwa wengi tunaosema wamerogwa au wamewekewa sumu na jirani wamekufa kwa unga wa aina hiyo. Vitunguu vingi pia vinaharibu damu yake, na mifupa ya kuku iliyopikwa inachomoka vipande na kutoboa utumbo.

Akianza kutembea kwa kukakamaa, anatetemeka, anahema bila sababu na hataki watoto, damu yake imeishiwa kalsiamu. Hiyo inatokea hasa katika wiki nne za kwanza za kunyonyesha, na ni dharura ya saa, haisubiri kesho. Watenge watoto, mkimbize kwa daktari wa mifugo akachomwe sindano. Ziwa lililovimba, jekundu, la moto na gumu, nalo ni la daktari.

Yatima ni habari nyingine na ni kazi ngumu. Maziwa ya ng'ombe peke yake ni mepesi mno kwao, ya mbwa yana mafuta na protini mara mbili au zaidi. Kwa dharura ya siku moja, ongeza kiini cha yai na matone ya mafuta ya kula kwenye maziwa yaliyochemshwa na kupoa kidogo, lisha kila saa mbili au tatu usiku na mchana, mtoto akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya. Ukimlaza chali maziwa yanaingia kwenye mapafu. Kila baada ya mlo msugue chini ya mkia kwa kitambaa cha vuguvugu mpaka akojoe. Wakati huohuo ulizia mtaani kama kuna mbwa mwingine anayenyonyesha. Wengi wanapokea mtoto wa kigeni akipakwa harufu ya wanawe.

Macho yakifunguka

Kati ya siku ya 10 na ya 14 macho yanaanza kupasuka kwa pembeni, ya buluu yenye ukungu. Usiyafungue kwa vidole. Siku chache baadaye masikio nayo yanafunguka, na utawaona wanashtuka honi ya bodaboda ikilia kule chini. Wiki ya tatu wanasimama, wanaanguka, wanasimama. Meno yanachomoza. Kwa mara ya kwanza mtoto anamwona mwenzake kuwa ni wa kucheza naye.

Kuanzia siku ya 14 wape dawa ya minyoo, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya nane, na mama umpe pamoja nao. Minyoo ya mbwa inapita kwa kondo la nyuma na kwa maziwa, kwa hiyo mtoto anazaliwa nayo hata kama shimo ni safi. Tumbo lililotuna kama ngoma watu wanalisifu kwamba mtoto ameshiba, kumbe ni minyoo. Pima mtoto kwenye mizani, andika gramu zake, nenda nazo duka la dawa za mifugo. Viroboto wachane kwa kitana na uchome magunia. Watoto wadogo wanaweza kuishiwa damu kwa viroboto peke yake, fizi zikawa nyeupe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isiwaguse kabisa.

Kutoka wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili kuna dirisha ambalo likifungwa halifunguki tena sawasawa. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha jaribio la watoto wa mbwa waliokuzwa uwanjani bila kuguswa na mtu. Waliokaa hivyo mpaka wiki ya 14 hawakuweza tena kumsogelea binadamu, wakawa kama wanyama wa porini. Ninalitaja kwa sababu ya tabia ya hapa kwetu ya kumfungia mtoto wa mbwa kwenye banda la giza, kumkata masikio, kumlisha pilipili ili awe mkali. Unachopata ni mbwa mwoga. Mbwa mwoga hang'ati mwizi, anang'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Mlinzi mzuri ni yule anayejua watu wa kawaida wanavyokuwa, ndipo anapomtambua asiye wa kawaida.

Basi katika wiki hizo waletee dunia kidogo kidogo pale mlangoni pa shimo. Leo mwanamume mwenye kofia, kesho bibi mwenye fimbo, keshokutwa sauti ya sufuria, mwavuli unaofunguliwa, kuku wanaopita. Watoto wa nyumbani wakae chini, wasiwabebe wakiwa wamesimama, mtu mzima awepo, na wakimaliza wanawe kwa sabuni. Mama akinguruma, ahirisha.

Wiki ya nne anza kuwapa uji mzito wa dagaa waliopondwa kwenye sinia pana. Watakanyaga humo, wataulamba miguuni mwa wenzao. Ukiona mama anatapika chakula na watoto wanakimbilia, usishike fagio. Anawaachisha ziwa kwa njia ya wazee wake.

Kwa nini wiki nane

Watu wanataka kuchukua mtoto akiwa wa mwezi mmoja, "amzoee mapema". Nimeambiwa nina kiburi kwa kukataa. Lakini njoo uone kinachofanyika wiki ya sita. Kaniki, mbwa wangu mweusi, analala pembeni ya jiwe, mtoto mmoja mwenye meno kama sindano analivamia ziwa. Kaniki anakunja mdomo wa juu. Mtoto hajali, anauma. Kaniki anageuka kwa kasi, anaufunika uso mzima wa mtoto kwa kinywa chake bila kuacha alama, na mtoto anaanguka chali akipiga kelele. Anamwachia. Baada ya muda mtoto anarudi akiwa ameinamisha kichwa, analamba pembe ya mdomo wa mama, na mama anamlamba sikio. Somo la mdomo limefundishwa hapo, na litarudiwa na ndugu zake kila wakipigana: ukiuma sana, mchezo unakwisha. Aliyeondolewa wiki ya nne hakulisikia somo hilo. Atajifunzia kwenye mikono ya wanao.

Kati ya wiki ya sita na ya nane wapate chanjo ya kwanza ya magonjwa ya mbwa, ukiwemo ugonjwa wa parvo unaowaharisha damu, irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wafike wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa wapewe wakiwa na miezi mitatu. Kama kampeni ya chanjo inapita mtaani kwenu karibu na 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mpeleke na mama. Na yeyote aking'atwa na mbwa, hata mtoto wa mbwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo.

Wiki nane zikitimia watoe mmoja mmoja kwa siku kadhaa, siyo wote asubuhi moja, ili maziwa ya mama yapungue taratibu na chuchu zisijae zikavimba. Mpunguzie chakula siku hizo. Ataingia shimoni kuwatafuta, atatoka, ataingia tena. Mwache aingie, usizibe mlango wiki hiyo. Kila mtoto aondoke na kipande cha gunia lenye harufu ya mama, na kwa usiku za mwanzo alale karibu na mtu, maana umri huo hofu inaingia kirahisi na haitoki. Anayekuja kumchukua ninamwandikia kwenye karatasi tarehe ya dawa ya minyoo, tarehe ya chanjo inayofuata na tarehe ya kichaa, na ninamuuliza atamlaza wapi. Asiponijibu vizuri, mtoto anabaki kwangu.